Gia Ngumu Hadi Mkula

Wenzangu wa Jumamosi,

Nimerudi, na nimechoka hata kusimulia. Kila mmoja wenu nimemwambia kipande chake kulingana na alivyonikuta. Mmoja nilimpa habari za Igunga tu, mwingine nilimwambia "ni ndefu, tutaongea" nikakata simu, na sasa nasikia kuna anayesema nilinyang'anywa pikipiki Maswa. Sikunyang'anywa kitu. Nawaandikia yote mara moja, mkimaliza msiniulize tena. Mambo ya ruhusa kazini na bima nayaruka, kwa sababu hata mimi yaliniboa.

Kwa asiyejua: mke wangu Kabula ni Msukuma wa Mkula, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Mama yake alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, Kabula akaenda kumuuguza. Alienda kwa wiki chache. Zikapita mvua, zikaja nyingine, bado yuko huko. Mimi ni Mzaramo, na nilivyolelewa, mke anayemuuguza mama yake humfuati kumdai arudi, maana ni kama kumwambia mgonjwa afanye haraka ama ya kupona ama ya kufa. Kumbe kwao mume asiyeonekana ukweni muda wote huo amemtupa mtu. Nilijua hivyo siku baba yake mdogo, Mzee Maduhu, aliponipigia. Jumapili baada ya ibada wazee wanakaa, alisema. Nikiwepo, tutazungumza wote. Nisipokuwepo, watazungumza wao namna ya kunirudishia ng'ombe niliowatoa mahari. Na kwa Wasukuma ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, hata kama wenyewe mnapendana.

Kabula mwenyewe aliniambia neno moja: "Ukija, njoo na pikipiki kubwa." Neno hilo nililibeba kama hirizi. Mnajua tulivyozunguka naye nyanda za juu, nikichoka mimi anashika usukani yeye, na miguu yake mirefu inafika chini vizuri kuliko yangu. Mtu anayeulizia pikipiki ana nia ya kuipanda, nikajiambia. Nikasafisha kofia yake, nikaifunga juu ya boksi la nyuma, nikaondoka Ijumaa alfajiri.

Morogoro hadi Singida

Ugumu ulianza kabla ya Gairo. Nilikuwa nyuma ya lori la saruji, nikataka kushuka kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, pedeli ikagoma. Nikakanyaga tena, ikaingia kwa kishindo kilichonifika mpaka kwenye nyonga. Nikasema ni uvivu wa asubuhi, hata mimi nilikuwa sijachangamka.

Dodoma ndiyo iliyonionyesha. Kila taa nyekundu nilitafuta nyutro sikuipata. Kutoka gia ya kwanza unainua pedeli taratibu, inaruka moja kwa moja hadi ya pili; unashusha, inarudi ya kwanza; katikati hapakamatiki. Kwa hiyo unasimama umebana klachi muda wote, na mkono wa klachi nao umekuwa mzito, vidole vinakufa ganzi kimoja kimoja. Kwenye taa ya mwisho nikazima injini kabisa. Nikaisukuma mbele na nyuma kwa miguu, nyutro ikapatikana, lakini taa ilikuwa imewaka kijani na mwenye gari nyuma yangu ananiita majina ambayo siyaandiki hapa.

Nikajifunza dawa ya muda: usisimame. Ukikaa kwenye gia ya nne na ya tano, barabara ni ya lami, unaweza kusahau kwamba una tatizo. Bahi nikapita, Manyoni nikapita, njaa inaniuma na naogopa kusimama kula. Nikaingia Singida jua linazama, na niliposhuka mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kifundo kwa kukanyaga. Kwenye nyumba ya wageni wakaniletea kuku wa kienyeji, ndiyo sifa ya Singida hiyo, nikasinzia nimeshika paja. Mhudumu ndiye aliyeniamsha.

Singida hadi Tinde

Mteremko wa Sekenke niliushuka katika gia isiyofaa, nikiomba dua nilizofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na nilichokiamini zaidi kilikuwa breki. Igunga nikasimama kwa fundi. Akasikiliza injini kwa kichwa kilichoinama, kama daktari, akasema oili niliyoweka si ya pikipiki ya namna hii. Tukamwaga, tukaweka nyingine. Nusu ya asubuhi ilikwenda, kwa sababu oili yenyewe ililetwa kutoka duka ambalo mwenyewe alikuwa msibani, na ufunguo alikuwa nao shemeji yake, na shemeji naye alikuwa msibani.

Ikawa nafuu. Naapa ilikuwa nafuu, mpaka karibu na Nzega, ndipo ugumu ukarudi na hasira ya mtu aliyeamshwa. Fundi wa Nzega akasema cheni imekazwa mno, inavuta sanduku la gia. Akailegeza. Sasa nikawa na gia ngumu na cheni inayopiga kelele. Mafundi wawili, magonjwa mawili, na mgonjwa ni yuleyule. Sikuwalaumu, nilikuwa nawaharakisha kila dakika, na mtu anayeharakishwa hutaja ugonjwa wa kwanza unaomjia.

Tinde nikanunua maji, nikayanywa nimekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma, nimebana klachi kwa mkono mmoja. Muuzaji akaniuliza kama nimeiba. Nikamwambia hapana. Akaniangalia vizuri, akasema, "Basi shuka ukae, kaka, unatia huruma." Sikushuka, na hadi leo najuta sikushuka.

Tinde hadi Bariadi

Shinyanga niliipita kwa pembeni, nikakata kona ya Mwigumbi. Hapo ndipo unapojua umeingia kwao Kabula: ardhi imelala chini, mbuga ya udongo mweusi huku na huku, pamba na mahindi, na ng'ombe wanaotembea kama wenye barabara. Mvua ilikuwa imenyesha. Palikuwa na mchepuko mfupi kando ya daraja, udongo ule ukapanda kwenye magurudumu, kwenye buti, kwenye pedeli, ukakaukia humo. Nikajaribu kuutoa kwa kijiti, kijiti kikavunjika.

Kabla ya Maswa njaa ilinishinda. Kibanda cha mama mmoja, mabenchi mawili, sufuria tatu. Safari hii nyutro niliipata kwa bahati, nikaogopa kuipoteza, nikaiacha pikipiki inanguruma nje nikaingia.

"Mama, kuna chakula cha haraka?"

Alisimama tu ameshika mwiko, ananitazama.

"Mwadila," akasema hatimaye.

"Poa, mama. Kuna chakula?"

"Mwadila, baba."

Nilikaa na Kabula miaka yote hiyo, nikajua nilichokosea: nimedai chakula kabla ya salamu. Nikavua kofia, nikainama kidogo, nikaitikia inavyopasa. Akaniuliza habari za nilikotoka, nikasema mhola, salama. Za nyumbani, mhola. Za watoto, sina bado. Akanipa pole. Za ng'ombe? Nikamwambia ng'ombe wangu wako kwa wakwe zangu, na mimi naenda kuhakikisha wanabaki hukohuko. Hapo akacheka, akanipa kiti chake mwenyewe.

"Na hiyo pikipiki yako unaiacha inaongea peke yake huko nje?"

"Nikiizima itagoma, mama."

"Basi kula taratibu. Na yenyewe itachoka kuongea."

Akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vikachemshwa tena, pamoja na maziwa mgando kwenye bakuli kubwa kuliko kichwa changu. Nilikula mpaka bakuli likabaki tupu. Nilipotoka, pikipiki ilikuwa imezimika yenyewe. Yule mama akaniangalia, akaingiza uso ndani ya khanga, mabega yakawa yanatikisika.

Somanda

Bariadi niliingia jioni, nikapata chumba mtaa wa Somanda, si mbali na hospitali. Bodaboda zinapita huku na huku kwa gia laini za kuudhi. Kando ya nyumba ya wageni kulikuwa na fundi anafunga vifaa vyake, mtu mnene mwenye sauti kubwa, jina lake Luhende.

"Mwadila, baba. Umetoka wapi na hili dude?"

"Morogoro."

"Kabila lako?"

"Mzaramo."

Akatupa spana chini. "Mzaramo! Jamani njooni, nimeletewa mtumwa wangu!"

Mnajua Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mnalijua hilo kwenye harusi za Dar, lakini hamlijui mpaka mkutane naye kwao. Luhende alinivua kofia akaivaa, akasema ni yake tangu enzi za mababu. Mimi nikamwambia babu yake alipofika pwani aliiona bahari akaita ng'ombe waje kunywa. Watu wakajaa. Nilikuwa nimechoka hadi mifupa, lakini utani wa mtani haukataliwi. Ukinuna umemvunjia heshima.

Katikati ya kelele zote akachuchumaa, akavuta mkono wa klachi, akafunua kijiraba pale waya unapoingia, akachungulia. Akacheka kwa sauti.

"Mtani, waya wako wa klachi umeshakufa, unangoja mazishi tu. Nyuzi zimekatika karibu zote. Klachi haiachii, ndiyo maana gia zinakugomea. Dutwa hufiki. Ukifika Dutwa, mimi naacha ugali."

"Ukiacha ugali utakula nini, nyasi na ng'ombe zako?"

Watu wakaangua kicheko, na Luhende akacheka kuliko wote. Akapaka grisi, akakaza kidogo pale kwenye mkono, akaniambia, "Sikutanii, mtani. Lala hapa. Jumatatu tuagize waya Mwanza."

Sasa niambieni ukweli, ninyi mnaojua watani. Mtani anaposema "sikutanii", si ndipo uongo mkubwa kuliko wote unapokuja? Nilicheka mpaka machozi. Nikamshika mkono, nikamwambia asante kwa grisi, nikaenda kulala. Yeye aliniangalia kidogo, akarudisha kofia yangu bila kudai chochote. Hilo nalo lingenifungua macho, lakini nilikuwa nimeshafumba.

Bariadi hadi Dutwa

Jumapili asubuhi gia zilikuwa laini. Nikaona grisi imefanya kazi. Nikaimba ndani ya kofia, jambo ambalo mnajua silifanyi. Ibada ya Mkula nilikadiria inatoka adhuhuri, nami ningefika mapema, nikanawe, nikavae shati safi nililolifunga kwenye nailoni.

Dutwa ilikuwa inaonekana kabisa, mabati yake yanang'aa, nikavuta klachi nipunguze kwa ajili ya basi lililokuwa linatoka kituoni. Mkono ukaja mzima mzima, mwepesi, ukalala kwenye mshiko kama mkono wa mtu aliyezimia. Waya ulikuwa umekatika. Gia ikiwa imeshika na basi mbele yangu, nikakanyaga breki, injini ikajikunja ikafa. Nikasimama katikati ya barabara na jua kichwani.

Nikampigia Luhende, namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani kwake kwa rangi nami nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili ya kumtania njiani.

"Umekatika," nikasema.

"Nilikuambia!"

"Nilidhani unanitania."

"Na mimi nilidhani umeelewa ukakataa, kwa sababu ya haraka zako," akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imeshuka. "Pole sana, ndugu yangu. Pole."

Aliponiita ndugu na si mtani, ndipo nilipoogopa. Nikajua hali ni mbaya kweli.

Dutwa hakuna waya wa pikipiki kubwa. Kuna nyaya za bodaboda, fupi, na nyaya za breki za baiskeli, nyembamba. Fundi mmoja alijaribu wa baiskeli na ukakatika kabla hajamaliza kuusifia. Nikafikiria kuiacha pikipiki pale na kupanda gari. Lakini neno la Kabula lilikuwa linanichoma: njoo na pikipiki. Ningefikaje mikono mitupu, niwaambie wazee kwamba nilichoitiwa kimebaki Dutwa?

Wenye uzoefu mnajua pikipiki inaweza kwenda bila klachi. Unaisukuma ikiwa kwenye gia ya pili, inashika, unaruka juu, na baada ya hapo unabadili gia kwa kuachia moto kidogo, yaani kupunguza mafuta, na kubahatisha. Inawezekana. Ila huwezi kusimama, maana ukisimama inakufa, na kulisukuma dude zito hivyo kunahitaji watu.

Watu nikawapata. Kwaya ilikuwa inapita na baiskeli zake kwenda kanisani, wanaume wamevaa mashati ya zambarau ya sare. Safari hii nilisalimia kwanza, na nikasalimia kila mtu. Wakaegesha baiskeli, wakakunja mikono ya mashati, mwalimu wao akahesabu kama anavyohesabu kabla ya wimbo, wakasukuma. Ikashika. Nikaondoka bila kugeuka kusema asante, nikainua mkono tu juu, nikasikia nyuma yangu wanashangilia kwa sauti nne.

Dutwa hadi Mkula

Cha ajabu, bila klachi gia ziliingia kuliko siku mbili nzima zilizopita. Unaachia moto, unasubiri kidogo, unagusa pedeli, inaingia. Ilitaka subira tu, na subira ndiyo niliyokuwa nimeimaliza Igunga. Mkono wangu wa kushoto haukuwa na kazi, ukawa unauma kwa kukosa kazi.

Halafu wakaja ng'ombe. Si watano wala kumi. Kundi zima, linavuka barabara taratibu, na wengine wakifika katikati wanakumbuka jambo, wanasimama kulifikiria. Nikapiga honi. Fahali mmoja akanitazama. Nikasimama, injini ikafa, nikainamisha kichwa juu ya tangi la mafuta nikakaa hivyo. Nilitaka kulia. Adhuhuri ilikuwa imeshafika.

Mchungaji alikuwa mtu mzima, fimbo begani, shuka limefungwa kiunoni. Tukasalimiana kwa utaratibu wake, sikuruka hata neno.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa Mzee Maduhu, Mkula."

Akanizunguka, akaangalia namba za pikipiki, akaangalia uso wangu. "Wewe ndiye yule mkwe aliyepotea?"

"Ndiye mimi."

"Ng'ombe zako nazijua. Yule mwekundu wa mabaka kazaa tena, jike." Akasema kwa furaha ya kweli, mimi nikiwa sikumbuki kama nilitoa mwekundu wa mabaka. "Lakini wazee wameshakaa. Nimewaacha wanatoa viti."

Akawaita wenzake wawili waliokuwa upande wa pili wa kundi. Wakasukuma, peku, wakikimbia nami mpaka injini ikashika. Nilisikia anapiga kelele nyuma, "Sema mwekundu kazaa! Wasikudanganye!"

Mkula

Niliingia uani nikiwa kwenye gia ya pili, na namna pekee ya kusimama ilikuwa kubana breki mpaka injini ife. Kuku wakaruka, wazee wakainua miguu. Pikipiki ikajikunja na kufa katikati kabisa, baina ya viti vya wazee na mkeka aliokalia mama mkwe. Mkwe hasogelewi namna hiyo. Hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Nikageuza uso haraka, nikajikuta natazama ukuta, nimevaa kofia, matope hadi magotini, na nikawasalimia wazee nikiuelekea ukuta.

Hakuna aliyecheka.

"Umechelewa," akasema Mzee Maduhu.

"Nimechelewa, baba. Gia zilinigomea njia nzima."

"Sisi tumekungoja tangu mwaka jana. Hiyo pia ni gia?"

Nikapewa kigoda, nikakaa. Akaniuliza mbele ya wote kama nimekuja kumchukua mke wangu. Nikasema ndiyo, nimekuja kumchukua, na kofia yake ni ile pale juu ya boksi. Akaitwa Kabula.

Alikuwa amekonda. Nilisimama bila kujua, nikaketi tena. Alinipa pole ya safari, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Akaizunguka. Akaweka kiganja kwenye mto wa boksi la nyuma, ule wa kuegemea mgongo, akausukuma kwa nguvu kuona kama unayumba.

"Unatosha," akasema. Akawageukia wazee. "Hii ndiyo niliyowaambia. Mama akipandishwa bodaboda kwenda mazoezi hospitali, anaanguka upande, lazima mtu wa tatu amshike. Gari la kukodi linakuja likitaka. Hii ina pa kuegemea, na ina pa kushikia. Mimi naiweza. Nilimwambia aje nayo."

Niliumia. Sitawaficha. Siku zote tatu, kwenye taa za Dodoma, kwenye kibanda cha yule mama, pale nilipoinamia tangi, nilikuwa nabeba picha ya Kabula amevaa kofia ile tukirudi. Kumbe aliulizia pikipiki kwa ajili ya mto wa kuegemea. Alikuwa hana mpango wa kurudi, si wiki hiyo wala mwezi huo. Niliona aibu mbele ya wale wazee, na hasira pia. Nilifikiri niseme: basi ng'ombe warudi, yaishe, nikalale.

Kabula hakuningoja niseme. Alimwinua mama yake, akamleta hatua kwa hatua, akiburuta mguu mmoja. Mzee Maduhu na mwenzake wakamnyanyua, wakampandisha. Nilikuwa nimeinamisha macho chini kama inavyopasa, kwa hiyo nilichoona ni miguu yake tu: mmoja ulijitafutia pa kukanyaga wenyewe, mwingine Kabula aliushika kwa mikono miwili akauweka. Halafu nikasikia mama mkwe anavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyepata pa kuuweka mgongo. Akasema kitu kwa Kisukuma, maneno yamepinda kwa sababu ya mdomo. Wazee wakaguna.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ni pana," akajibu Kabula. Alikuwa analia.

Hasira ikaniisha, kwa uchovu nadhani kuliko kwa wema. Nikasema, "Pikipiki itabaki."

"Unamwachia nani?" akauliza Mzee Maduhu. Kwao swali hilo lina uzito.

"Namwekea mama."

Wakanong'onezana kwa muda. Mnaweza msijue, mimi pia sikujua: Msukuma akitaka kufungamana na mtu, hampi ng'ombe moja kwa moja. Anamwekea. Ng'ombe anakaa kwenye zizi la mwenzake, maziwa ni ya anayetunza, lakini ng'ombe bado ni wa mwenyewe, na mwenyewe lazima aje, aone, ajue kama anakula na kama kazaa. Watu waliowekeana ng'ombe hawaachani kirahisi. Nilisema neno lile kwa sababu sikupata jingine, na wao walilisikia kwa ukamilifu wake.

"Basi," akasema Mzee Maduhu, "mtu aliyeweka kitu chake hapa hajamtupa mtu wetu. Ng'ombe hawarudi." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mzee kwa mwanawe. "Lakini kuweka ni kuja kuona. Unasikia? Si kupiga simu."

Nikasema nimesikia. Nikamwambia pia kwamba nimeambiwa mwekundu wa mabaka kazaa. Wazee wakatazamana, na hapo ndipo walipocheka.

Jioni Kabula alikuja kunimwagia maji ya kunawa miguu.

"Sijakuacha," akasema. "Nilichoka kukueleza kwa simu."

"Na mimi nilichoka kukungoja."

"Basi tumechoka wote."

Akaendelea kumwaga maji, na tope la Mwigumbi likawa linatoka taratibu.

Mkula hadi Lamadi

Waya ulikuja kwa basi kutoka Mwanza. Niliufunga mwenyewe, Kabula akishika spana na kunisahihisha. Nikang'oa udongo uliokaukia kwenye pedeli, nikarudisha cheni ya Nzega mahali pake. Siku zilizofuata alimpeleka mama hospitalini na kumrudisha, polepole, mimi nikiwafuata nyuma kwa baiskeli ya kuazima kama mlinzi asiye na bunduki. Nilimuuliza lini atarudi nyumbani. Akasema mama akiweza kwenda chooni peke yake. Sikuuliza tarehe.

Siku ya kuondoka alinipeleka yeye Lamadi kupanda basi. Mimi nilikaa nyuma, begi mapajani. Tangu niinunue sijawahi kukaa nyuma ya pikipiki ile kama abiria wa kweli. Kila aliposhika usukani yeye, nilikuwa macho, nikimsimamia begani. Safari hii sikuwa na nguvu ya kumsimamia mtu. Alisimama kwa kila kundi la ng'ombe. Alisimama kwa kila mtu aliyemsalimia, akapata nyutro kwa kidole cha mguu, akajibu mhola mpaka mwisho, akaondoka. Kwanza, pili, tatu. Nilizisikia zikiingia kupitia kiti, laini, moja baada ya nyingine. Kituo cha Lamadi kikawa kinakaribia, nami nikaanza kulia ndani ya kofia, kimya, nikijua haoni.

"Mbona umenyamaza?" akauliza bila kugeuka.

"Nasikiliza gia."

Akapunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa tupu.

"Gia ni nzima," akasema. "Acha kukaa hivyo umejikaza. Egemea."

Nikaegemea.